Maswali ya Wasomaji: Trekta Dogo la Bustani Lililolala Muda Mrefu

SWALI: Mimi ni mkulima wa mboga, mkazi wa Isevya, Tabora. Marehemu mjomba wangu ameniachia trekta dogo la bustani aina ya Cub Cadet, lenye injini ya petroli ya Kohler K241, ambalo alilinunua kwa wamisionari na ambalo limekaa bandani tangu alipoanza kuugua. Stata inazungusha kwa uvivu, na plagi haitoi moto kabisa. Fundi mmoja amepima kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda) akasema injini imekufa, silinda ichongwe na pistoni inunuliwe mpya. Mwingine anataka kung'oa nyaya zote na kufunga swichi ya pikipiki. Ningependa lifanye kazi kabla ya mvua za Novemba. Nimfuate yupi?

JIBU: Ndugu yetu wa Isevya, usimfuate yeyote kati yao kwa sasa. Hatusemi kwamba fundi wa kwanza amekudanganya, maana geji yake ilisoma ilichosoma. Tatizo ni kwamba nyingi ya injini hizi za Kohler zina kifaa kwenye kemshafti (mhimili unaofungua valvu) kinachoacha valvu ya moshi wazi kidogo injini inapozungushwa polepole, ili stata isilemewe, na kwa sababu hiyo geji huonyesha kompresheni ndogo hata kwenye injini nzima. Kipimo cha kuaminika ni cha mkono: zima swichi, acha plagi mahali pake lakini chomoa waya wake, kisha zungusha flaiwili (gurudumu zito la injini) kwa nguvu kinyume cha mwelekeo wake wa kawaida. Ikigonga kompresheni na kurudi kwa kishindo, ringi na valvu bado zina uhai, na fedha za kuchonga silinda zibaki mfukoni.

Kabla ya kuzungusha chochote, mwaga oili ya zamani, weka SAE 30 mpya, toa plagi na udondoshee oili kidogo ndani ya silinda. Petroli iliyolala ndani ya tangi na kabureta imwagwe yote. Fungua pia bati linalofunika flaiwili, kwa kuwa injini hii hupozwa na hewa peke yake, na kwenye mabanda yetu panya na nyigu hupenda mno kujenga kati ya mapezi ya silinda. Injini iliyozibwa hapo itawaka vizuri asubuhi na kuungua kabla ya adhuhuri.

Sasa tuje kwenye umeme, ambako tunaamini ugonjwa wako ndiko uliko. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia husoma takriban 12.6. Ikiwa imejaa na stata bado ni mvivu, weka ncha moja ya mita ya volti kwenye nguzo hasi ya betri na nyingine kwenye chuma kitupu cha injini, halafu mwenzako awashe stata: mita ikisoma zaidi ya nusu volti, arthi (muungano wa betri na chuma cha trekta) ni mbovu. Fungua maungio yake, yasugue hadi chuma king'ae, uyakaze upya. Kazi hii ya msasa na spana imeokoa stata nyingi zilizokuwa zimehukumiwa kutupwa.

Kuhusu moto wa plagi, mshukiwa wa kwanza ni platini, yaani vigusio vinavyofunguka na kufunga ili kukata umeme wa koili. Kwenye injini yako ziko nje, chini ya kifuniko kidogo ubavuni, kwa hiyo huna haja ya kung'oa flaiwili. Platini zilizokaa muda mrefu huota utando usioonekana vizuri kwa macho, lakini unatosha kuzuia umeme. Zisugue kwa msasa laini sana, zifute kwa karatasi safi kavu, kisha weka uwazi wa milimita 0.5 zikiwa zimefunguka kabisa, na uhakikishe zinaanza kufunguka pale alama ya S ya flaiwili inapofika kwenye tundu la kuangalizia. Kondensa (kikopo kinachozuia platini kuungua) ikiwa mbovu, ya gari la zamani lenye platini, yenye takriban mikrofaradi 0.2, inafaa.

Swichi ya pikipiki tunaikataa kwa msisitizo. Koili yako, inayokuza umeme wa plagi, hula umeme wa betri, na swichi sahihi huukata umeme huo unapozima. Swichi iliyoundwa kwa ajili ya magneti (kifaa kinachojizalishia umeme wa plagi bila betri), kama zilivyo za pikipiki nyingi, hufanya kinyume, yaani huzima kwa kuunganisha waya na arthi. Ukiifunga kwenye mfumo wako, siku utakapozima injini utakuwa umeipiga betri shoti, na pasipo fyuzi nyaya zitaungua. Nyaya zilizotafunwa au kukauka zibadilishwe mmoja mmoja, kwa unene uleule.

Ikiwa trekta lako ni lile ambalo stata na dinamo ni chombo kimoja kinachozungushwa kwa mkanda, injini ikishawaka pima betri tena: isome kati ya volti 13.8 na 14.4. Isipopanda, usikimbilie kununua reguleta (kidhibiti cha chaji). Kaza mkanda, angalia kaboni (brashi) za dinamo, kisha, injini ikiwa imezimwa, gusisha waya kwa kufumba na kufumbua kati ya nguzo za BAT (betri) na GEN (dinamo) za reguleta, ili dinamo irudishiwe usumaku wake. Baada ya hapo washa injini na upime upya.