Barua kwa mwanangu: kiwandani au kwenye vichanja vya dagaa

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeipata. Unasema likizo ya uzazi inaisha, kiwanda cha minofu hakipati sangara wa kutosha na kinataka urudi kama kibarua wa kulipwa kwa siku. Unauliza kama si bora uache, uanike dagaa hapo Igombe, Mwanza, mtoto akiwa karibu.

Ukibarua usiusaini. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua mapacha, kisha arudi kwa masharti yale yale. Samaki wakiadimika kiwanda hupunguza zamu, na kibarua ndiye wa kwanza kuambiwa kesho usije. Una haki pia ya kunyonyesha ndani ya muda wa kazi, hadi jumla ya saa 2 kwa siku. Ukizichukua katikati ya zamu, saa zote mbili zitaishia kwenye daladala, kwa hiyo omba kwa barua uingie saa moja baadaye na utoke saa moja mapema, nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Omba na zamu ya mchana: katazo la kazi ya usiku kwa aliyejifungua ni miezi 2 tu, na yako imeshapita.

Dagaa watu huiita kazi ya nyumbani; labda hawajawahi kuianika. Mitumbwi inarudi alfajiri, mzigo unataka mikono saa ile ile mtoto anapoamka. Ukianika chini dagaa wanashika mchanga na bei inashuka. Kwenye kichanja cha wavu wanakauka kwa siku moja ya jua kali, ila uwatandaze wembamba na kuwageuza. Wingu likitanda ziwani unakimbilia turubai, mtoto mgongoni. Wakinyeshewa hawajakauka wananuka na kukatikakatika, na pale soko la Mwaloni Kirumba watanunuliwa kwa bei ya chakula cha kuku. Mtaji umekwenda. Tena mbalamwezi ikiwaka hakuna mzigo, maana dagaa huvuliwa kwa taa, gizani.

Siku hizo za mbalamwezi ni za mumeo. Mtumbwi umefungwa, yupo. Maji, nepi na kliniki ni zake, mkubaliane kabla mwezi haujaandama. Ukimwachia "ukipata nafasi" hataipata.

Sasa maziwa, ukirudi kiwandani. Siku 84 zinaisha mtoto hajafika miezi 3, naye anatakiwa maziwa yako pekee hadi miezi 6. Kamua kwa mkono alfajiri, kwenye chombo kilichochemshwa chenye kifuniko. Bila ubaridi yasikae zaidi ya saa 4 tangu kukamuliwa, na kwa joto la Mwanza la mchana yasifike hata huko. Yawekwe kwenye barafu. Dada anayebaki naye amnyweshe kwa kikombe kidogo, si chupa ya chuchu, na yanayobaki kikombeni ayamwage. Mzoeshe kikombe kuanzia sasa, usingoje siku ya kuripoti. Kazini kamua pia wakati wa mapumziko, mikono ikiwa imeoshwa kwa sabuni: titi likikaa limejaa zamu nzima maziwa hupungua na linaweza kuvimba. Barafu kiwandani si haba, lakini chombo kifungwe, kisiguse maji ya samaki.

Huo mkataba waliokuletea upige picha kurasa zote, hata ya nyuma, unitumie kabla hujawajibu.

Mama yako