Makohozi yakichafuka, usikimbilie kuongeza soda

Mkuu, umeuliza kwa nini tangu Januari tyubu moja kati ya tano za MGIT (tyubu za majimaji tunamootesha vimelea vya TB kutoka kwenye makohozi) zinachafuka, yaani zinaota bakteria wengine, na kama upandishe nguvu ya sodiamu haidroksaidi, ile soda kali tunayoua nayo bakteria hao kabla ya kuotesha. Moja kati ya tano ni nyingi mno, asilimia 8 hadi 10 ndiyo watu wanavumilia. Lakini soda usiiguse kwanza.

Mwaka wangu wa pili kazini, hapa hapa Dar, tuliipandisha. Uchafu ukapungua, tukapongezana. Wiki kadhaa baadaye tukaona jambo la ajabu: wagonjwa ambao slaidi zao zimejaa vimelea, GeneXpert (mashine ya kupima TB) imewakamata, lakini kwenye tyubu hakioti kitu. Tulikuwa tumewaua tuliokuwa tunawatafuta. Kimelea cha TB kina ganda la nta, kwa hiyo anaistahimili soda kuliko bakteria wa mdomoni, ila ni kwa muda tu. GeneXpert yenyewe haijali, inatafuta DNA, hata ya maiti.

Tulirudi kwenye kipimo cha kawaida. Soda asilimia 4 na sitrati asilimia 2.9 nusu kwa nusu, NALC (ya kuyeyusha ute wa makohozi) gramu 0.5 kwa kila mililita 100, inachanganywa asubuhi ile ile. Ya jana mwaga, imeshachoka. Ukiiweka sawa kwa sawa na makohozi, soda inabaki asilimia 1. Dakika 15, zisizidi 20, kisha bufa ya pH 6.8 (maji ya kuipoza soda) hadi tyubu ikaribie kujaa, ndipo sentrifuji (mashine ya kuzungusha tyubu ili vimelea vishuke chini), kwa nguvu ya 3000 g.

Kwenye dakika ndipo tulipokuwa tunaharibu. Sentrifuji yetu inabeba tyubu 8, sisi tunatia soda 24 kwa mkupuo na kuweka bufa zamu ikifika. Za mwisho zilikaa kwenye soda karibu saa nzima! Sasa tunakwenda nane nane, taima mezani, na bufa ipo kwenye vichupa vidogo, kila kimoja cha mzunguko mmoja.

Halafu fuatilia safari ya kikopo cha makohozi, kwa joto hili la Dar. Siku moja nilifungua kimoja ndani ya kabati la usalama la maabara, kifuniko kikatoa pss, na makohozi yamegeuka maji ya kijani. Kilitoka kituo cha Mbagala kwa bodaboda, boksi halina hata kipande cha barafu. Bakteria wa mdomoni wanazaana kila nusu saa hivi, TB anahitaji karibu siku nzima kugawanyika mara moja. Nilipoanza kudai saa ya kukohoa iandikwe kwenye fomu, nikagundua vikopo vichafu vingi ni vya Ijumaa: vililala mezani hadi Jumatatu kwa sababu friji la kituo lilikuwa limejaa vitu vingine.

Chukua tyubu zako kumi za mwisho zilizochafuka, weka hapa saa ya kukohoa na saa ya kupokelewa. Namba za wagonjwa usiziweke.