Kabla hujaiuza mashini yako Kadutu

Niliuza kompyuta yangu Kadutu, hapa Bukavu, kwa dola 120. Ilikuwa kuukuu, betri imekufa, ukigusa waya tu inazimika. Usiku kabla ya kuuza nilifuta faili zote moja moja, nikamwaga pipa la taka, nikalala nimetulia.

Wiki tatu baadaye mnunuzi akanipigia. Kijana wa chuo, mpole. "Papa, nilifuta TFC yangu, ile kazi ya kumalizia masomo, kwa bahati mbaya, nikatafuta programu ya kurudisha vilivyofutwa. TFC nimeipata, lakini na watu wako wametoka." Tulikutana Nyawera, akanifungulia flashi: arusi ya dada yangu, orodha ya mishahara ya ofisini, na kadi ya mpiga kura ya mama, pande zote mbili. Hapa kwetu kadi hiyo ndiyo kitambulisho. Nilibahatika tu, kijana alikuwa mwaminifu.

Kumbe kufuta faili ni kama mwenye nyumba kukata jina la mpangaji kwenye daftari huku mpangaji bado amelala chumbani. Anatoka pale tu mwingine anapoingia na vitu vyake. Wala si mimi peke yangu: mwaka 2003 Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT, Marekani, walitoa matokeo ya diski 158 walizonunua zikiwa zimetumika. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na 12 tu ndizo zilizosafishwa sawasawa.

Kwa diski ya kawaida, ile inayozunguka, dawa ni kuandika juu yake yote. Mara moja inatosha. Hao wanaosema mara 35 wanakupotezea umeme. Kwenye Windows 10 au 11 chagua kurudisha mashini upya, ondoa kila kitu, halafu ingia kwenye mipangilio ya ziada uwashe kusafisha data. Watu wengi hawafiki hapo mwisho, na ndipo penyewe. SSD, diski isiyozunguka, ina tabia nyingine: yenyewe huhamishahamisha data ndani, basi kuandika juu kunaweza kuacha mabaki. Tumia programu ya kufuta ya kampuni iliyoitengeneza. Diski iliyokufa haisafishiki, ichomoe uivunje.

Simu ni rahisi zaidi. Android nyingi za miaka ya karibuni na iPhone husimba data zenyewe, yaani huzifunga kwa ufunguo wa siri, kwa hiyo ukiirudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, ufunguo unapotea na kilichobaki hakisomeki. Ila toa kwanza akaunti yako ya Google, au zima "Find My", ile ya kutafuta simu iliyopotea, kwenye iPhone, la sivyo mnunuzi atakurudia simu imemfungia mlango. Chomoa laini, maana feza yako ya M-Pesa inafuata namba. Na kadi ya memori! Shemeji yangu aliisahau mara mbili.

Mashini yangu ya pili niliisafisha mwezi uliopita. Umeme ulikatika katikati, betri nayo haipo, nikaanza upya kwa jirani mwenye jenereta, karibu saa tatu nzima. Mnunuzi aliiwasha, akapekua kila mahali, akaniuliza kama sikumwachia hata filamu moja. Nikamwambia hakuna. Akaomba nimpunguzie dola tano.