Kumtafuta dada wa kazi aliyeandika shajara enzi za Malkia Victoria

Ukipata shajara ya mtu wa kawaida wa Uingereza ya karne ya 19, usianze kwa kulisaka jina lake. Najua ndilo jambo la kwanza kila mtu analotamani kufanya. Unafungua tovuti ya ukoo, unaandika jina, na yanakujia majina kibao yanayofanana, au halijitokezi hata moja. Anza na waliomzunguka: tajiri aliyemwajiri, majirani, padri wa parokia, mwenye duka aliyemkopesha sukari. Mtu asiye na ardhi wala cheo hakuandikisha mambo yake popote. Waliomwandika ni wengine, na ni kwenye karatasi za hao wengine utakapompata.

Hili nimejifunza kwa kumfuatilia Hannah Cullwick, mtumishi wa ndani aliyeacha shajara. Ninaishi Birmingham, na mwanzoni nilikuwa nasoma barua za wamisionari wa Rabai na Freretown, pwani ya Kenya, ambazo pamoja na nyaraka nyingine za CMS (Church Missionary Society, chama cha wamisionari wa Kianglikana) zimehifadhiwa kwenye maktaba ya Cadbury ya chuo kikuu cha hapa. Barua zile zimejaa maaskofu na makabaila. Nikawa najiuliza, wale waliowapikia, waliowafulia na kuwang'arishia viatu huko kwao Uingereza walikuwa kina nani? Ndipo nikamfikia Hannah, na mpaka leo sijamwacha.

Alizaliwa Mei 1833 Shifnal, mji mdogo wa jimbo la Shropshire, England. Baba yake, Charles, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Mama yake, Martha, naye alikuwa amewahi kuwa mtumishi wa ndani. Hannah alisoma shule ya hisani, akatolewa akiwa na miaka minane ili aanze kazi. Tangu hapo maisha yake yakawa ya jiko hadi jiko: Shropshire, London, Margate. Mwaka 1854 akiwa London alikutana na Arthur Munby, msomi wa tabaka la juu kuliko lake, aliyependa mno kuandika habari za wanawake wafanyao kazi ngumu. Munby ndiye aliyemtaka aandike kila alichofanya kutwa nzima. Aliandika hadi 1873.

Hapo pana somo kubwa: kabla ya kuamini ukurasa hata mmoja, uliza shajara hiyo iliandikwa ili isomwe na nani. Hannah aliandika akijua Munby atasoma. Walipendana kwa siri kwa miaka mingi, na katika mapenzi yao yeye alikuwa mtumishi na Munby bwana. Alivaa mkanda wa ngozi mkononi, na mnyororo shingoni wenye kufuli, ufunguo anao Munby. Alijipaka masizi na kupigwa picha hivyo. Kwa mimi niliyekulia pwani, ambako minyororo haikuwa mchezo wa wapenzi, kurasa hizo ni nzito kuzisoma. Hata hivyo siziruki, na nakushauri nawe usiziruke za mtu wako. Zinaeleza kwa nini uchafu wa kazi unatajwa kwa undani vile, na kwa nini mambo mengine hayatajwi kabisa.

Sasa tuchukue siku moja, Jumamosi ya 14 Julai 1860. Hannah anafungua madirisha, anawasha moto wa jikoni, anakung'uta masizi na kuyamwaga. Anafagia vyumba na ukumbi, anaandaa kifungua kinywa, anasafisha jozi mbili za viatu, anatandika vitanda, anamwaga maji machafu ya vyumbani. Anasafisha vyombo vya fedha na visu. Anapeleka kuku wawili kwa mama mmoja wa jirani na kurudi na majibu. Ananyonyoa bata wawili, anawatoa matumbo, anawaoka. Kisha anapiga magoti na kusugua ngazi za nje. Bado siku haijaisha.

Msomaji wa kawaida huona uchovu tu. Mtafiti anaona kuku wawili. Mama yule anatajwa kwa jina la ukoo, na nyumba yake ilikuwa karibu kiasi cha mtumishi kwenda na kurudi kazi zikiwa bado zinamsubiri. Jina kama hilo ndilo unalolipeleka kwenye vitabu vya anwani vya miaka ile, vilivyoorodhesha wakazi na wafanyabiashara mtaa kwa mtaa. Chuo Kikuu cha Leicester kimeviweka vingi kwenye mtandao bure. Ukishapata mtaa, fungua ramani za zamani za Ordnance Survey, shirika la ramani la Uingereza, kwenye tovuti ya maktaba ya taifa ya Scotland. Nazo ni bure, na nyingine zinaonyesha mpaka umbo la nyumba. Ukiwa na mtaa na jina la jirani, unamtafuta tajiri. Ukimpata tajiri, dada wa kazi yumo ndani ya nyumba yake.

Kwenye sensa ndiko njia hii inakolipa zaidi. Uingereza ilihesabu watu kila baada ya miaka kumi, na walioandikwa ni wale waliolala kwenye nyumba usiku ule: 30 Machi 1851, 7 Aprili 1861, 2 Aprili 1871. Mtumishi huandikwa mwishoni mwa orodha ya nyumba ya tajiri, na maelezo yake hutoka kwa mwenye nyumba, ambaye huenda hakujua umri wake wala jinsi jina lake linavyoandikwa. Cullwick inaweza kugeuka Culwick, Cullick, au kitu kingine kabisa pale mtu wa siku hizi anapousoma mwandiko wa karani na kuuingiza kwenye kompyuta. Ukitafuta kwa jina la mwenye nyumba unaikwepa shida hiyo yote. Kisha tazama safu ya mahali pa kuzaliwa. Kuanzia 1851 inataja parokia yenyewe, na mtumishi wa London aliyezaliwa Shifnal hawezi kuwa na wenzake wengi.

Sensa ya 1841 ni ya kuangalia kwa tahadhari. Umri wa waliozidi miaka 15 mara nyingi ulishushwa hadi kwenye tano iliyo karibu, kwa hiyo mtu wa 34 anaandikwa 30. Uhusiano wa watu ndani ya nyumba haukuandikwa kabisa. Nimeona watu wakijenga ukoo mzima juu ya ukurasa mmoja wa mwaka huo, wakimfanya shangazi kuwa mama.

Kuhusu familia yenyewe, kumbuka tarehe moja: 1 Julai 1837. Ndipo serikali ilipoanza kusajili vizazi, ndoa na vifo katika England na Wales. Hannah alizaliwa kabla, kwa hiyo hana cheti cha serikali cha kuzaliwa. Wa aina yake unawatafuta kwenye daftari la ubatizo la parokia. Daftari hizo tangu 1813 zilikuwa na fomu iliyochapishwa, yenye kazi ya baba na mahali wanapoishi. Wadogo waliozaliwa baada ya Julai 1837 unawapata kwa General Register Office, ofisi kuu ya usajili huo, ambao faharasa yao ya mtandaoni inaonyesha jina la ukoo la mama kabla ya kuolewa. Ukiyaunganisha majina mawili, la baba na la mama, ndugu wa tumbo moja wanajipanga wenyewe. Usisahau watoto waliokufa wachanga. Shajara nyingi hazitaji hata mmoja wao.

Wazazi wa Hannah walikufa wote wawili mwaka 1847, wakifuatana kwa muda mfupi sana. Yeye alikuwa na miaka 14, akifanya kazi ya kulea watoto wa nyumba ya padri kijiji cha jirani, na hakuruhusiwa kwenda kwao. Nilishuka kwenye treni Shifnal nikiwa na habari hiyo kichwani. Daraja kubwa la reli linapita juu ya mji, na kanisa la Mtakatifu Andrea, la mawe mekundu, liko karibu tu. Reli ilifika 1849, miaka miwili baada ya misiba ile. Mwaka 1847 hapakuwa na cha kumfikisha ila miguu yake, na mwendo wenyewe haukuwa mrefu. Kilichomzuia ni neno la mwenye nyumba. Nilikasirika nikiwa nimesimama pale barabarani, na sioni aibu kulisema.

Vifo vya 1847 vina vyeti. Cheti cha kifo kinakupa chanzo cha kifo, na tena kinakupa mtu ambaye wengi humruka: aliyetoa taarifa. Mara nyingi huyo ni ndugu, mtoto mkubwa, au jirani aliyekuwepo mgonjwa akikata roho. Mwandike jina kwenye daftari lako, kisha mfuate naye kwenye sensa inayofuata. Watoto yatima wakitawanyika, mara nyingi mmoja wao utamkuta kwenye nyumba ya mtu kama huyo.

Kama shajara yako haina mwaka, usikate tamaa. Tafuta siku iliyotajwa pamoja na tarehe. Jumamosi ya 14 Julai inaangukia 1855, 1860 na 1866, haiangukii 1861. Kisha tafuta tukio kubwa: kifo cha mume wa malkia, Prince Albert, tarehe 14 Desemba 1861, kilionekana hata kwenye nguo na makanisa. Na kuwa mwangalifu na undugu. Mtu wa zama zile aliweza kumwita shemeji yake dada bila maelezo, na kwenye sensa anayeandikwa kama mkwe huenda ni mtoto wa kambo.

Ndoa ndiyo iliyonipa shida zaidi kwa Hannah. Januari 1873 aliolewa na Munby kwa siri huko Clerkenwell, London, akahamia kwenye vyumba vyake eneo la Temple, na mbele ya wageni akaendelea kuwa mtumishi wake. Hakutaka kugeuka bibi wa nyumba. Mwaka 1877 aliondoka, na baadaye akarudi Shropshire, ingawa Munby aliendelea kumtembelea. Kisheria alikuwa Munby, kwa jirani huenda bado ni Cullwick. Mwanamke wa aina hii lazima umtafute kwa majina yote mawili, kila mwaka, mpaka kifo. Yeye alifariki Julai 1909, na mumewe Januari 1910.

Wosia wa Munby ndio uliofichua ndoa ile kwa watu wote. Kwa hiyo, hata kama mtu wako hakuwa na mali, fungua kalenda ya mirathi ya taifa, yaani orodha ya mirathi ya kila mwaka, inayoanza 1858, na umtafute tajiri wake, mjomba wake, mume wa dada yake. Watumishi wa siku nyingi huachiwa pauni chache, na hapo hutajwa kwa jina kamili na mahali walipo. Masanduku ya karatasi za Munby, pamoja na shajara za Hannah, yalikwenda Trinity College, Cambridge, kwa sharti yasifunguliwe hadi 1950.

Kama shajara uliyo nayo ni ya karatasi na iko nyumbani kwako, ipige picha ukurasa kwa ukurasa kabla ya kuendelea kuifunua, pamoja na jalada na vipande vilivyochomekwa ndani, kila kimoja pale kilipokuwa. Na ukiona hutaweza kuitunza, Bishopsgate Institute ya London inahifadhi mkusanyiko wa Great Diary Project, ambao unapokea shajara za watu wa kawaida kabisa. Waandikie kwanza, uwaeleze ulipoipata na kutoka kwa nani, maana hayo nayo mtafiti wa baadaye atayahitaji.