Mama ana kifaa moyoni, atapitaje mlangoni?

SWALI: Shangazi, nampeleka mama kwenye onyesho katika ukumbi mkubwa wa muziki. Ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo, anatembelea mkongojo na anavaa kifaa cha kusikia. Ule mlango wa kukagua vyuma hautamdhuru?

JIBU: Mwanangu, nimekagua mikoba kwenye milango ya namna hiyo miaka 11. Mlango haumdhuru akipita mwendo wa kawaida, bila kusimama katikati wala kuuegemea. Cha kuchunga ni kile kifimbo cha kukagua vyuma anachoshika mkaguzi mkononi: kisishikiliwe juu ya kifua chake. Aonyeshe kadi ya kifaa aliyopewa hospitali, aombe kupapaswa na mkaguzi wa kike. Asione haya kuomba.

Mkongojo huchukuliwa ukaguliwe pembeni, kwa hiyo mshike mkono. Nilimwona bibi mmoja ameachwa bila fimbo yake, vidole vinatetemeka ukingoni mwa meza. Tangu siku ile nikaweka kiti pale.

Dawa zibaki kwenye pakiti yenye jina lake. Begi kubwa liacheni nyumbani.

Mnaponunua tiketi, ndipo muulize habari za lifti na kiti cha pembeni. Ulizeni pia kama ukumbi una mtambo wa kupeleka sauti moja kwa moja kwenye vifaa vya kusikia. Ukiwapo, na kifaa chake kikawa na alama ya T, akigeuzia hapo sauti ya jukwaani humfikia bila makelele ya watu. Nimeona wazee wakitokwa machozi kwa hilo.

Chooni nendeni kabla ya kengele, foleni ya mapumziko ni ndefu mno kwa miguu yake.