Kengele ya kamera ifuate gia

Kaka, umeuliza kwa nini kamera ya kutambua watu kwenye loda (mtambo wa kupakia udongo) inapiga kengele kwa mtu aliye nyuma huku loda inakwenda mbele. Kamera haina kosa. Haijui umeingiza gia gani. Fundi umeme achukue waya wa taa ya rivasi, aweke fyuzi, aupeleke kwenye kisanduku cha kamera. Kisha kwenye mipangilio, kamera ya nyuma ilie ukiwa rivasi tu. Ukiiacha ilie kutwa, opereta ataizima, nawajua.

Ila kwa ekskaveta (mtambo wa kuchimba) usithubutu: sehemu ya juu ikizungushwa, ule uzito wa nyuma humbana mtu ukutani hata minyororo ya kutembelea haijasogea. Huko kamera ziache zote zilie.

Kujaribu: breki imevutwa, injini imezimwa, swichi imewashwa, gia rivasi, mwenzako apite nyuma taratibu. Na lenzi ifuteni vumbi kwanza.