Je, kompyuta ya SACCO yetu itarudi mwaka 1901?

SWALI: Shikamoo Mzee. Natunza hesabu za SACCO ndogo hapa Busia. Kijana anayetutengenezea kompyuta anasema mwaka 2038 mashine zitachanganya tarehe. Mwenyekiti amecheka, ati mwaka 2000 tulitishwa hivyo hivyo na hakuna kilichotokea. Wakati ule serikali zilifanya nini hasa? Tumsikilize nani?
Mtunza hesabu, Busia

JIBU: Marahaba, binti yangu. Msikilize kijana. Mwenyekiti kala wali, hakuona moshi wa jikoni.

Mwaka 1998 Rais Clinton alimweka John Koskinen asimamie Marekani kazi ya kurekebisha kompyuta kabla ya mwaka 2000 (nyingi ziliandika mwaka kwa tarakimu mbili tu, 2000 ingesomeka 1900), na Oktoba mwaka huo ikapita sheria ya kuwakinga waliotoa taarifa za mashine zao kwa nia njema. Serikali yao ilitumia zaidi ya dola bilioni 8, lakini mimi naisifu sheria ile kuliko fedha: kabla yake kila kampuni ilificha ugonjwa wake kwa kuogopa mawakili.

Mwenyewe mwaka 1999 nilikuwa katika ofisi ya wauza mbegu Kampala. Nikasogeza saa ya kompyuta hadi dakika mbili kabla ya mwaka 2000, nikaizima, nikanywa chai, nikaiwasha. Ikaandika 4 Januari 1980! Kosa langu ni kwamba nilijaribia mashine ya kazi. Kabla sijashtuka, wateja watatu walishaondoka na risiti za enzi za Rais Binaisa wa Uganda.

Hili la 2038 ni jingine. Mifumo mingi ya zamani huhesabu sekunde tangu 1 Januari 1970, na nafasi yake haibebi zaidi ya 2,147,483,647. Itajaa Jumanne, 19 Januari 2038, saa kumi na mbili na dakika 14 asubuhi kwa saa zetu. Hapo hesabu inageuka hasi, tarehe inarudi Desemba 1901, reli ndiyo kwanza inafika Kisumu.

Kwenu tatizo halingoji siku hiyo. Mwanachama akichukua leo mkopo wa kujenga wa miaka 15, tarehe ya mwisho imeshavuka hapo. Weka nakala ya hesabu zenu kwenye kompyuta nyingine, si ile ya kazi (nimeshakwambia yaliyonipata), uingize mkopo wa kumalizika 2041, utazame riba inavyotoka. Kisha aliyewauzia programu mwombeni jibu kwa barua yenye sahihi. Akipiga simu kusema "hakuna shida, mama", bado hajajibu.